Injini Ndogo za Ndege za Mfano: Plagi Ilipong'olewa

Sote tumepata kushika pampu ya baiskeli ikatuunguza vidole, kwa kuwa hewa ikishindiliwa hupata moto. Juu ya jambo hilo dogo imesimama historia ya injini za ndege za mfano, zile ndege ndogo zirushwazo na wapenda ufundi wa Ulaya na Marekani.

Katika miaka ya 1930 injini hizo, kama Brown Junior ya Marekani, zilitumia petroli na plagi ya cheche. Taabu yake ni kwamba ndege ililazimika kubeba koili na betri. Mafundi wakatafuta namna ya kuutua mzigo huo, na njia zikapatikana mbili.

Ya kwanza ilitoka Uswisi, nayo ilikuwa injini isiyo na plagi kabisa. Mafuta yake yalikuwa mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika, takriban theluthi moja kila kimoja. Etha huwaka upesi kwa joto la kushindiliwa, mafuta ya taa hutoa nguvu, na ya mbarika hulainisha vyuma. Juu ya silinda mna pistoni ya pili isiyopanda wala kushuka na injini, bali husogezwa kwa skrubu ili kuongeza au kupunguza mshindilio. Baada ya Vita Kuu ya Pili injini hizi zilienea Uingereza, Mills 1.3 ilitoka mwaka 1946. Watu waliziita dizeli, ingawa katika injini ya Rudolf Diesel hewa hushindiliwa peke yake ndipo mafuta yakapulizwa ndani, na katika hizi mafuta na hewa huingia pamoja.

Njia ya pili aliileta Ray Arden wa Marekani mwaka 1947, kwa plagi yenye waya mwembamba wa platinamu. Betri huupasha waya moto wakati wa kuwasha tu, kisha huondolewa. Platinamu ikikutana na mvuke wa methanoli, waya huendelea kuwa mwekundu wenyewe. Injini ikawa nyepesi na yenye kasi, ikatawala soko.

Mbona basi wengine waliing'oa plagi hiyo? Jibu limo katika hesabu. Kilo moja ya methanoli hutoa joto linalokaribia nusu tu ya lile la kilo ya mafuta ya taa. Injini ikigeuzwa dizeli hula mafuta kidogo, tena huzungusha rafadha kubwa zaidi kwa mwendo wa polepole. Bob Davis wa Connecticut alitengeneza vichwa vya kubadilishia, hata kwa zile Cox ndogo za takriban sentimita 0.8 za ujazo. Kichwa chenye plagi hufunguliwa, na chenye skrubu hufungwa mahali pake.

Hata hivyo, si kila injini yafaa kugeuzwa. Mshindilio mkubwa huvunja krenki dhaifu. Mafuta yakijaa ndani na skrubu imekazwa mno, kimiminika hakishindiliki. Kinachopinda ni mkono wa pistoni. Na etha yenyewe ni hatari: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hata ukaufikia moto ulio mbali. Vijana, msiiguse pasipo mwalimu wa kemia kusimama kando yenu.

Basi tuone funzo lililomo. Silinda ni ileile na pistoni ni ileile. Kilichobadilika ni kichwa na mafuta. Aliyekariri tu kwamba injini yataka plagi asingethubutu kuing'oa. Aliyefahamu plagi yafanya kazi gani ndiye aliyejua kitu gani kingeweza kushika nafasi yake. Ndiyo sababu walimu wetu walituuliza "kwa nini" kabla ya "vipi", nanyi mkiulizwa hivyo msinung'unike.