Nusu, Robo na Karati: Historia Fupi ya Istilahi za Sehemu

Somo la sehemu katika shule za msingi hutegemea maneno kama linavyotegemea namba. Mtoto anayeambiwa kuwa 1/2, 2/4 na 3/6 zina thamani moja hana budi kwanza aelewe neno "sehemu" lina maana gani mdomoni mwa mwalimu wake. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi asili ya istilahi hizo, na kuonyesha mahali zinapohitaji kutengenezwa.

Majina ya kale ya sehemu yalitoka katika Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Neno sehemu lenyewe limetokana na "sahm", yaani fungu la mtu. Majina haya yalikuwa na kazi maalumu katika elimu ya mirathi. Mtu akifa akaacha mke, mama na mtoto wa kiume, mke hupata thumuni, mama sudusi, na mtoto hupata baki. Haiwezekani kujumlisha 1/8 na 1/6 kama zilivyo. Huna budi kuzigeuza ziwe 3/24 na 4/24, ndipo mtoto apate 17/24. Basi kutafuta sehemu zenye thamani sawa si jambo lililoletwa na shule za kigeni. Wanazuoni wa pwani walikuwa wakilifanya zamani.

Sokoni nako hesabu hiyo ilijulikana. Rupia ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64 mpaka mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa heller 100. Robo rupia ilikuwa pesa 16, kisha ikawa heller 25. Mwenye kuishika mkononi aliona kwamba 16/64 na 25/100 ni robo ile ile, wala thamani yake haikubadilika kwa kubadilishwa idadi ya vipande. Thumuni nayo, ambayo kwanza ilikuwa sehemu ya nane ya riyali, baadaye ikawa jina la senti 50, yaani nusu shilingi. Hapo neno lilibaki, lakini hesabu iliyokuwa ndani yake ikasahauliwa.

Usahaulifu wa namna hiyo ndio udhaifu wa majina ya kale. Asiyejua Kiarabu haoni nane ndani ya thumuni. Mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi Tanzania Bara, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria, haja ilikuwa istilahi ambazo mtoto yeyote angeweza kuzifuata. Nusu, theluthi na robo zikabaki. Nyingine nyingi zikaachia nafasi mtindo wa "moja ya nane", unaotaja namba zote mbili waziwazi. Namba ya juu huitwa kiasi na ya chini asili. Kanuni ikawa nyepesi kutamka: zidisha kiasi na asili kwa namba ile ile, na thamani ya sehemu haitabadilika.

Hata hivyo neno moja bado linatutatiza. Tumchukue mwanafunzi wa Didia, mkoani Shinyanga, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kisukuma. Anajua kuwa gunia la mahindi kwa kawaida ni debe 6. Mwalimu anasema, "Gawa gunia katika sehemu sawa," naye anapata madebe sita. Kisha anaulizwa, "Taja sehemu sawa na 2/6." Akionyesha madebe mengine mawili ya gunia hilo, hajakosa, kwani madebe hayo ni sawa na yale ya kwanza. Lakini mwalimu alitaka 1/3. Katika sentensi ya kwanza sehemu ni kipande. Katika ya pili ni namba.

Mfano wa pili uko jirani na mtoto huyo. Almasi ya Mwadui hupimwa kwa karati, nayo karati hapo ni uzito wa gramu 0.2. Dhahabu ya Geita ikisafishwa na kufuliwa husemwa kuwa ya karati 18, na karati hapo si uzito bali ni sehemu moja ya 24: 18/24, yaani 3/4 ya kito ni dhahabu halisi. Neno ni moja, dhana ni mbili, na asiyezipambanua atapata hasara.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba waandishi wa vitabu na wafasiri waseme "vipande sawa" panapogawanywa kitu, na "sehemu zenye thamani sawa" panapolinganishwa namba. Istilahi ya pili ni ndefu, lakini urefu wake ndio unaomwambia mtoto kuwa kinacholinganishwa ni thamani, si vipande.