Nguruzi, Ngama na Upo: Maji Chomboni tangu Mtepe hadi Boti ya Mashine

Hakuna chombo kisichoingia maji. Mabaharia wa pwani walilijua jambo hilo tangu kale, na ndiyo sababu lugha yao haikutosheka na neno moja la kuvuja. Tundu la chini la kutolea maji, chombo kikiwa kimepandishwa ufukweni, lina kizibo chake, nacho ni nguruzi. Mahali maji yanapokusanyika chini ya chombo ni ngama. Kuyatoa ni kufua, na kifaa cha kufulia ni upo, wingi wake nyupo. Kipande cha ubao kinachozibia tundu ni hasho. Mwenye kuyajua maneno haya alikwisha kuijua nusu ya kazi, kwa kuwa kila jina lamwonyesha pa kutazama.

Historia yake ni ndefu. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, ambacho wanazuoni wengi hukiweka katika karne ya 1 B.K., chazitaja mashua zilizoshonwa katika pwani hii, na chasema kuwa bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na mashua hizo. Naye Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi aliyepita Aidhabu katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za usumba, visivyo na msumari. Aliandika kuwa vilipakwa mafuta, na kwamba yaliyo bora kuliko yote ni mafuta ya papa, ili ubao ulainike na kustahimili miamba. Mafuta hayo ndiyo waitayo Waswahili sifa. Msomaji wa mashairi asishangae kuona neno moja likibeba utukufu wa mtu na uvundo wa ini la papa. Chombo kisichopata hiyo ya pili hakikudumu kupata ile ya kwanza.

Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa ndugu wa vyombo hivyo. Kwa kuwa ulishonwa, ulinyumbuka ulipogusa mwamba au mchanga, wala haukupasuka upesi kama chombo kigumu. Lakini unyumbufu huo ulikuwa na bei. Maji yalipenya penye mishono, na mabaharia hawakupumzika kufua. Mtepe haukudai kuwa mkavu. Ulidai watu walio macho. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Majahazi na mashua za misumari zilikuja na dawa yao, kalafati. Neno hili limesafiri sana. Kiarabu, Kireno na Kiitaliano vyote vinalo kwa sura zinazokaribiana. Fundi huchukua pamba iliyolowekwa mafuta, akaishindilia kwa patasi na nyundo katikati ya mbao. Kisha chombo hupandishwa wakati wa bamvua, chini pakakwanguliwa, pakapitishwa moto wa makuti kuua wadudu watoboao mbao, halafu pakapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Kinapoteremshwa majini, mbao huvimba na kuzibana nyufa zilizosalia. Mashua iliyokaa juani kwa muda mrefu huvuja siku ya kwanza, kisha hujifunga. Ubao, kwa namna hiyo, husaidia kujiponya wenyewe.

Hata wenye merikebu kubwa walirudia hekima ileile walipobanwa. Mwezi Juni 1770, Endeavour ya James Cook ilikwama juu ya miamba ya matumbawe ya mashariki ya Australia. Mabaharia walitosa mizinga na shehena, wakapiga bomba kwa zamu, kisha wakapitisha chini ya merikebu tanga lililojazwa sufi na nyuzi za kamba, nguvu ya maji ikalivuta tanga hilo hadi penye jeraha. Ilipopandishwa ufukweni, kipande cha tumbawe kilikutwa kimenasa katika tundu. Kilichotoboa ndicho kilichokuwa kimeziba.

Mwaka 1909, Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekaa Milwaukee, Marekani, alianza kuuza injini ya kutundikwa nyuma ya mashua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea boti za faiba. Mambo mawili yakabadilika. Kwanza, uzito ulihamia tezini, mahali ambapo wimbi linaloifuata boti huweza kuingia kwa urahisi, na ambapo matundu ya skrubu na nguruzi yenyewe yapo. Pili, faiba haivimbi. Ufa wa ubao huweza kupungua ndani ya maji. Ufa wa faiba hungoja mkono wa mtu.

Hesabu yake ni ya kutisha. Tundu lenye upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, laweza kuingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Katika robo saa ni zaidi ya lita 600, yaani uzito wa watu wazima wanane hivi. Na maji hayo hayakai kama abiria. Boti ikiinama, nayo hukimbilia upande uleule, yakazidi kuiinamisha. Bomba la umeme husaidia, ila betri iliyozama haisukumi kitu.

Kwa hiyo mwendo wa wazee haujachakaa. Nguruzi hutazamwa kabla ya boti kugusa maji, si baada yake. Ngama hufunuliwa kila safari, hata kukiwa shwari. Maji yakionekana, abiria huvaa maboya yao kwanza. Watu na mizigo huondolewa upande wenye jeraha ili tundu lipande juu. Huzibwa kwa ndani kwa kitambaa au kigingi cha mti. Ndoo hufua bila kungoja bomba. Na omo huelekezwa kwenye maji mafupi. Nyumbani, hasho hutiwa siku ileile, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna pa kujenga.

Leo kijana aweza kuendesha mashine ya nguvu nyingi bila kujua kuwa kile kizibo kidogo cha tezini kina jina la Kiswahili. Hasara hiyo si ya kamusi peke yake. Zamani nahodha aliuliza kwa neno moja, “Nguruzi?”, na baharia akainama kutazama. Neno likisahauliwa hakuna aulizaye, na asipokuwapo aulizaye, tundu hubaki wazi.