Kitale na Bungoma: Nyumba Mpya, na Uwanja Ulio Baina Yake

Ukimtajia mtu wa Pwani Shimo la Tewa, fikira zake zitakwenda upande wa Mtwapa, kwenye shule na jela. Huko Kitale, Shimo la Tewa ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, jirani wa Kipsongo na Tuwan. Nimeichagua Kitale na mwenzake Bungoma kwa sababu sheria na pesa zinazoifanyia ukarabati miji hiyo ndizo zizo hizo zinazofika Malindi, Kilifi na Lamu. Msomaji akielewa yanayofanyika kule bara, ataelewa na mabati yaliyozungushiwa kiwanja cha mtaani kwake.

Miji hii miwili haikuzaliwa sawa. Kitale ilijengwa na walowezi wa Kizungu, na reli ya kutoka Eldoret iliifikia mwaka 1926. Katikati ya mji palipimwa kwa ajili ya maduka, ofisi na mahindi ya mashamba makubwa. Mwafrika alikuja kufanya kazi, si kukaa, na alipokaa alikaa pembeni. Bungoma ilikua kandokando ya reli kuu ya kwenda Uganda, ndani ya ardhi ya wenyeji, kwa hivyo mji uliwafuata wenye mashamba na soko lao. Sensa ya 2019 iliihesabu Kitale kuwa na watu elfu 162 hivi, na Bungoma elfu 68 hivi. Yote miwili leo ni manispaa na makao makuu ya kaunti, Trans Nzoia na Bungoma.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Kuna mifuko miwili. Wa kwanza ni Mpango wa Kusaidia Miji, maarufu kama KUSP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2017 kwa dola milioni 300. Ulilenga miji 59 katika kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Kaunti haipewi mpaka iwe imeunda bodi ya manispaa kwa mujibu wa Sheria ya Miji ya mwaka 2011, na pesa zenyewe hutumika kwa barabara za mitaa, mitaro, taa, masoko, taka na bustani. Nyumba hazimo.

Mfuko wa pili ni ule unaokatwa kwenye mshahara wako: asilimia 1.5 kutoka kwako na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri. Mahakama Kuu iliuharamisha mwezi Novemba 2023, Bunge likatunga sheria mpya, na Rais akaitia sahihi mwezi Machi 2024. Huo ni wa nyumba, na unaendeshwa kutoka Nairobi, ijapokuwa sheria imeweka kamati katika kila kaunti.

Angalia basi kinachotokea. Anayejenga nyumba hana bajeti ya uwanja, na mwenye bajeti ya uwanja hana usemi juu ya nyumba. Ghorofa zinapanda, kisha mtu anakumbuka kwamba watoto hawana pa kucheza na maji ya mvua hayana pa kupita. Na Kitale na Bungoma si miji ya mvua ya kubahatisha. Ile mvua ya alasiri ya upande wa Mlima Elgon haimwombi mtu ruhusa. Uwanja wenye nyasi katikati ya mji ni kazi ya mtaro nusu, wala si pambo. Wazee wetu wa Lamu na Mji wa Kale walilijua hilo kwa njia yao: nyumba ilijengwa pamoja na baraza lake, na mtaa pamoja na uwanja wake. Hawakungoja mfadhili.

Viwanja vyetu vya umma vina ugonjwa mwingine, ugonjwa wa sherehe. Uwanja wa Masinde Muliro ulioko Kanduyi, Bungoma, ulitengenezwa ukapokea sikukuu ya Madaraka tarehe 1 Juni 2024. Sisi huku tulipata Mama Ngina mpya kwa mtindo huohuo, ikafunguliwa Mashujaa ya 2019. Sikatai, kilichojengwa kimejengwa. Lakini kiwanja kinachotayarishwa kwa ajili ya mgeni wa heshima hupimwa kwa jukwaa na maegesho ya magari. Mama anayeuza ndizi siku ya Jumanne anahitaji kivuli, choo na bomba la maji.

Kitale yenyewe ina mfano bora zaidi, tena wa zamani. Kati ya mwaka 2001 na 2004, shirika lililojulikana kama ITDG, ambalo baadaye lilijiita Practical Action, lilifanya kazi na baraza la manispaa na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Wakazi walikaa chini wakapanga mitaa yao wenyewe: chemchemi za kujengewa, vyoo, njia za kupita. Hakuna aliyehamishwa ili mji upendeze. Pesa hazikuwa nyingi, na umaskini haukuondoka, lakini utaratibu ulianzia kwa anayeishi pale.

Linganisha na Buxton hapa Mombasa. Nyumba 520 za zamani za kaunti zilibomolewa mwaka 2021 ili kupisha magorofa. Wapangaji waliahidiwa shilingi 240,000 kila nyumba za kuhamia kwingine, na wengine walikwenda mahakamani. Magorofa yamesimama, na ni ya kupendeza. Swali langu ni moja tu: katika wale wa zamani, wangapi wana ufunguo leo? Hilo ndilo swali ambalo watu wa nyumba kongwe za serikali huko Kitale na Bungoma wanapaswa kuuliza kabla ya tingatinga kuwashwa, si baada.

Sheria ya 2024 inawagawa watu kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za jamii, na wa kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba nafuu. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Lakini mwendesha boda boda wa Kanduyi hana hati ya mshahara, na pato la Desemba si pato la Aprili. Huyo ndiye anayelala karibu na katikati ya mji kwa sababu kazi yake iko hapo. Ukimpa nyumba maili tano nje, umempa nauli ya kulipa kila siku. Kwa maoni yangu, nyumba za jamii za kupanga, za kodi ndogo, ndizo zingefaa kutangulia katika miji hii, na zile za kuuzwa zifuate.

Sheria ya Miji inampa mkazi haki ya kuhudhuria kongamano la wananchi na kuhoji mipango ya manispaa. Nenda, uombe ramani, si picha ya rangi iliyochorwa na kompyuta. Kwenye ramani tafuta vitu vitatu: maji ya mvua yanaelekea wapi, wachuuzi wamewekwa wapi, na uwanja umesajiliwa kama ardhi ya umma kwa namba gani. Namba hiyo iandike. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilijaa viwanja vya umma vilivyogawiwa watu binafsi, na vingi vilipotea hivyohivyo, kwa kuwa hapakuwa na mtu mtaani aliyejua namba yake.