Daftari la Majina Katika Nchi ya Waha

Kuandikwa jina si jambo geni kwa Waha. Tangu mwaka 1944, shirika la kuajiri vibarua wa mkonge lililoitwa SILABU liliwaandika wanaume wa Kasulu na Kibondo, likawapeleka katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Kila mtu alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wote wakaitwa manamba. Daftari lilikuwa la mwajiri; aliyeandikwa hakuulizwa neno.

Daftari la zama zetu limo katika duka dogo la intaneti. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimwagiza mwenye duka aweke kamera na daftari la watumiaji, na kumbukumbu hizo azihifadhi kwa miezi 12. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo yamtaka mkusanyaji wa taarifa ajisajili kwa Tume, azilinde, tena awe na afisa wa kazi hiyo. Basi, amri ya kwanza ilimtaka aandike. Ya pili yamtaka ajibu kwa aliyoyaandika.

Mzigo huo si sawa kwa wote. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam ina mawakili. Lakini mtu afunguaye duka Munanila, karibu na mpaka wa Burundi, ndiye fundi, ndiye karani, ndiye na huyo afisa.

Tatizo hili limewakabili wengine pia. Mwaka 2016 Marekani ilitunga kanuni za faragha kwa watoa huduma za intaneti, ikawaongezea wadogo miezi 12 ya kujiandaa. Mwaka 2017 Bunge lao lilizifuta zote kabla muda huo haujatimia. Wadogo walipata nafuu, na wateja wao wakakosa kinga ile.

Kwetu haifai kuwa hivyo. Mtoa huduma mdogo apewe muda, fomu nyepesi na mafunzo. Asisamehewe wajibu wenyewe. Mjini jina hupotea katika umati, bali kijijini msomaji wa daftari humjua mwenye jina, nyumba yake na jamaa zake. Manamba hakuwa na wa kumdai siri yake. Mjukuu wake sasa anaye, naye ni yule yule jirani mwenye duka.