Chachandu

Chachandu ni mchuzi mzito wa kuchovya, wenye uchachu na ukali wa pilipili. Nchini Tanzania huliwa pamoja na vyakula vya kukaanga au kuchoma kama vile sambusa, kachori, bajia, mihogo, chipsi na mishikaki. Hailiwi peke yake: mlaji huchovya kipande cha chakula ndani yake au huimwagia kidogo juu ya chakula. Misingi yake ni kitu kichachu, pilipili na chumvi. Nyanya, karoti, kitunguu saumu na sukari huongezwa kulingana na mpishi.

Chachandu hutofautiana na kachumbari, ambayo ni mboga mbichi zilizokatwakatwa, na achari, ambayo ni matunda au mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi na siki au mafuta. Inakaribiana zaidi na chatne, yenye asili ya Bara Hindi.

Asili ya viungo

Mkwaju (Tamarindus indica) ni mti wa asili ya Afrika, ingawa Waarabu waliliita tunda lake "tende ya Kihindi". Nyanya na pilipili zilitoka Amerika na kufika Afrika Mashariki baada ya safari za Wareno kuanzia karne ya 16. Sambusa ilienea kutoka Uajemi na nchi za jirani hadi India na pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi.

Matayarisho

Kiasi kifuatacho hutosha sambusa 20 hivi:

- ukwaju gramu 100
- maji yaliyochemshwa vikombe 2
- nyanya 3 zilizoiva
- karoti 1 iliyokunwa
- punje 4 za kitunguu saumu
- pilipili mbuzi 1 au 2
- chumvi kijiko kidogo 1
- sukari kijiko kikubwa 1

Ukwaju hulowekwa katika maji ya moto kwa dakika 20, hufikichwa kwa mkono safi, kisha huchujwa ili kuondoa kokwa na nyuzi. Nyanya, kitunguu saumu na pilipili husagwa pamoja au hutwangwa kwenye kinu. Mchanganyiko huo hubandikwa jikoni pamoja na karoti, na ukichemka hutiwa maji ya ukwaju, chumvi na sukari. Huachwa kwenye moto mdogo kwa dakika 15 hadi 20 huku ukikorogwa, mpaka uwe mzito wa kushika kwenye sambusa bila kuchuruzika. Huonjwa baada ya kupoa, kwa kuwa ladha ya mchuzi wa moto huweza kumpotosha mpishi.

Asidi hula alumini. Kwa sababu hiyo chachandu haifai kulazwa katika sufuria ya alumini; ikishaiva huhamishiwa kwenye chombo cha kioo, udongo uliochomwa na kung'arishwa, au chuma kisichoshika kutu.

Katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo katika Mkoa wa Rukwa, iko kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika. Uwanda huo una baridi kuliko pwani. Minazi haistawi huko, na mkwaju ni mti wa nyanda za chini zenye joto. Mpishi asiye na ukwaju anaweza kutumia maji ya malimau 2 au vijiko vikubwa 3 vya siki. Hapo nyanya huongezwa hadi 5 ili mchuzi upate uzito, maji hupunguzwa hadi nusu kikombe, na limau hukamuliwa baada ya sufuria kuepuliwa ili harufu yake isipotee. Mchuzi wa namna hii hufaa pia kwa samaki wa kukaanga, kama migebuka ya Ziwa Tanganyika.

Kwa nini uchachu

Chakula kilichokaangwa hubaki na mafuta mdomoni. Uchachu huamsha mate na kupunguza hisia ya mafuta, hivyo mlaji hakinai upesi. Kanuni hiyo hutumika pia mbali na Afrika. Nchini Japani, gyoza, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na kabichi, huchovywa katika mchanganyiko wa mchuzi wa soya na siki ya mchele, pamoja na matone machache ya mafuta ya pilipili. Mchanganyiko huo haupikwi. Mara nyingi soya na siki huwa sawa kwa sawa, na kila mlaji hurekebisha katika kibakuli chake. Tofauti iko katika asidi inayopatikana: ukwaju una asidi ya tatariki, limau asidi ya sitriki, na siki asidi ya asetiki.

Usafi na utunzaji

Bakuli moja la chachandu likichovywa na watu wengi huweza kueneza magonjwa ya kuhara, kikiwemo kipindupindu. Bakteria wa kipindupindu hawastahimili asidi kali, lakini uchachu wa limau au ukwaju si badala ya kuchemsha maji wala kunawa mikono kwa sabuni. Mchuzi ukiongezewa maji baada ya kuiva hupoteza uchachu wake, na maji yasiyochemshwa huweza kuingiza vijidudu.

Ni salama zaidi kumgawia kila mlaji sehemu yake kwa kijiko kikavu, kufunika chombo, na kutomimina mchuzi mpya juu ya uliobaki jana. Penye jokofu chachandu iliyopikwa huweza kuwekwa kwa siku chache; pasipo jokofu hupikwa ya kutosha siku moja. Ikitoa povu, ukungu au harufu ngeni, hutupwa.