Lance Spearman: Shujaa wa Miaka Minne na Hukumu ya Wahakiki

Wanafunzi wetu hapa Rusizi wanazijua katuni za Kijapani, yaani manga, kuliko wanavyozijua riwaya tunazowafundisha. Wengi wetu tumezoea kuwajibu kwamba hizo ni burudani tu, si fasihi. Jibu hilo lina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Katika makala haya fupi tunaangalia shujaa mmoja wa hadithi za picha aliyepewa jibu hilohilo, ili tuone wahakiki walipata nini na walikosa nini.

Shujaa huyo ni Lance Spearman, maarufu kwa jina la Spear. Alitokea katika jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey kuanzia mwaka 1968 hadi 1972. Hadithi zake hazikuchorwa bali zilipigwa picha: waigizaji walipangwa mbele ya kamera, kisha picha zikaunganishwa ukurasa kwa ukurasa na maneno ya wahusika kuwekwa juu yake kama katika katuni. Aliyemwigiza Spear alikuwa Jore Mkwanazi, Mwafrika Kusini, na picha nyingi zilipigwa Swaziland, nchi inayoitwa leo Eswatini. Lugha ya jarida ilikuwa Kiingereza, na lilisomwa kuanzia Lagos na Accra hadi Nairobi.

Spear alikuwa mpelelezi. Alivaa suti, tai ya kipepeo na kofia ya panama, akavuta sigara kubwa na kuendesha gari la mbio aina ya Corvette. Pembeni yake walikuwapo Kapteni Victor wa polisi, msaidizi wake Sonia na kijana Lemmy. Maadui zake walikuwa wataalamu wazimu na majambazi wenye majina ya kutisha, na kila hadithi ilikuwa na ngumi, risasi na mbio za magari.

Wasomaji, hasa vijana wa mijini, walimpokea kwa shangwe. Mwaka 1969 mwandishi wa habari wa Kimarekani Stanley Meisler aliandika juu ya machapisho haya katika jarida la Africa Report, na kueneza habari zao nje ya bara letu. Wahakiki, kwa upande wao, walikuwa na hoja kuu mbili. Kwanza, walisema Spear ni James Bond aliyepakwa rangi nyeusi. Pili, walisema ulimwengu wake hauna ukoloni, hauna ubaguzi wa rangi wala umaskini, na kwamba si ajabu, kwa kuwa mmiliki wa jarida ni Mzungu wa Afrika Kusini.

Hoja hizo zinaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka wakati wenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Katika mazingira hayo, shujaa mwenye Corvette na sigara kubwa hakuweza kuepuka kushukiwa.

Sisi tunakubali kwamba hoja ya pili ilikuwa na uzito. Hata hivyo, ilipuuza jambo moja. Chini ya utawala wa makaburu, mwanamume mweusi hakuruhusiwa kukaa mjini bila pasi. Katika kurasa za African Film mtu huyohuyo aliingia hotelini kwa mlango wa mbele, na polisi wakamwomba msaada. Kwa msomaji wa wakati ule, huko kukosekana kwa ubaguzi kulikuwa na maana yake. Kwa hiyo wahakiki waliona kilichokosekana katika hadithi, lakini hawakuuliza msomaji alikuwa akikipata nini.

Jibu lililozaa matunda lilitoka kwa waandishi wa Kiswahili wenyewe. Faraji Katalambula, aliyekuwa amekwisha kuandika riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo mwaka 1965, alihariri jarida la hadithi za picha kwa Kiswahili, Film Tanzania, lililofuata muundo wa African Film. Baadaye, mwaka 1974, Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona. Mpelelezi wake Willy Gamba anapenda suti nzuri, vinywaji na wanawake kama Spear, lakini kazi yake ni kulinda harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Hivyo kile ambacho wahakiki walisema kimekosekana kiliingizwa ndani ya utanzu uleule waliokuwa wakiudharau, na wasomaji wakaendelea kusoma.

Japani inatupa mfano wa kulinganisha. Mwaka uleule wa 1968, Takao Saito alianzisha manga ya Golgo 13, ambayo shujaa wake ni muuaji wa kukodiwa, mtu asiye na maadili hata ya Spear. Mwaka 1975 manga hiyo ilipewa tuzo ya Shogakukan. Mwaka 2021 ilifikisha juzuu 201 na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, na iliendelea hata baada ya Saito kufariki mwaka huohuo. Kule, hadithi za namna hii zilihesabiwa kuwa kazi inayostahili kupimwa kwa ubora wake.

Kwa walimu wa Rusizi suala hili si la zamani tu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na kwa muda mrefu kimetumika sokoni Kamembe na mpakani na Bukavu. Kinachopungua ni mazoea ya kukisoma kwa hiari. Tunapendekeza basi kwamba riwaya pendwa zipewe nafasi darasani, na mwanafunzi anayependa manga atakiwe kuisimulia kwa Kiswahili, kisha aihakiki: nani hayumo katika ulimwengu wake, na kwa nini? Akishaweza kujibu hayo kuhusu kitabu anachokipenda, ataweza kuyajibu kuhusu kitabu tunachompangia.