Viwango vya tahadhari ya mafuriko ya ghafla

Mafuriko ya ghafla ni yale yanayofuata mvua kubwa ndani ya saa chache, kwa kawaida zisizozidi 6. Kwa kuwa muda wa kujiokoa ni mfupi hivyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangulia kutoa taarifa za siku 5 zenye rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi huzichukua rangi hizo kuwa kipimo cha mvua, njano ikiwa manyunyu na nyekundu gharika. Sivyo. Rangi huamuliwa na mambo mawili ambayo taarifa yenyewe huyataja, ingawa wachache huyasoma: uwezekano wa mvua hiyo kutokea na kiwango cha athari zake. Milimita 50 za mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 50 za maji. Kwenye tambarare ya mchanga nyingi huzama, ilhali katika mtaa wa lami na mitaro iliyoziba zote hutafuta mteremko. Mvua ni ileile, athari ni tofauti kabisa.

Wapo wanaolalamika, na si bila sababu, kwamba tahadhari ikitolewa mara tatu na jua likawaka, ya nne haisikilizwi. Lakini penye uwezekano wa wastani, siku za kukosea zimo ndani ya hesabu tangu mwanzo. Mtabiri asiyekosea kamwe ni yule anayengoja maji yaingie sebuleni ndipo atangaze. Marekani huweka asilimia wazi: katika ramani zake za mvua ya kupita kiasi, ngazi ya chini huanzia asilimia 5 na ya juu kabisa asilimia 70, kwa hiyo hata ngazi hiyo ya juu haitoi uhakika. Hoja nzito zaidi ni kwamba rangi moja hupakwa mkoa mzima. Ni kweli, na hapo utabiri hufika kikomo. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam huanzia vilima vya Pugu, hivyo eneo la Jangwani, lililo bondeni mwake, huweza kujaa maji kwa mvua iliyonyesha juu huko. Mkazi wa bondeni basi alichukulie angalizo kwa uzito zaidi kuliko jirani yake wa mlimani, na dereva asijaribu kuvuka: sentimita 60 tu za maji yaendayo kasi husomba magari mengi.